Kipanya kimekufa na kazi ipo kwenye skrini: kibadilishe bila kuzima kompyuta

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na yeyote aliyewahi kufanya kazi ya saiba hapa Mombasa anaijua siku hiyo. Foleni hutoka nje ya mlango. Feni zinazunguka na joto halipungui, kila kiti kina mtu, na nyuma ya kila kiti yuko mwingine anayesubiri zamu. Jioni ya siku kama hiyo mama mmoja aliniita kutoka kompyuta ya nne. "Mwanangu, hebu njoo unitazamie. Mshale umesimama, nami nimeshajaza karibu yote."

Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye kitufe cha kuzimia. "Usiguse kitu, mama," nikamwambia. "Nakuja."

Nilichukua kipanya cha akiba, nikakichomeka, nikamrudishia kiti chake. Aliendelea palepale alipoachia. Haikuchukua hata dakika mbili, na kompyuta haikuzimwa.

Nayaeleza haya kwa sababu saiba ya kwanza niliyoajiriwa, katika mtaa mmoja nyuma ya Digo Road, dawa ya kila ugonjwa ilikuwa zima uwashe. Nilimwona kijana aliyekuwa akijaza maombi ya mkopo wa chuo akipoteza kazi ya saa nzima kwa ajili ya kipanya kilichokufa, kisha akalipishwa tena muda wa kuanza upya. Jambo lile liliniuma na linaniuma hadi leo, kwani kompyuta ile haikuwa na ugonjwa wowote. Kipanya ni kitu cha nje. Kinaweza kufa na kuzikwa bila kompyuta kulala hata sekunde moja, isipokuwa katika hali moja tu, nayo nitaieleza kwa kirefu huko mbele.

Nimeandika nikifikiria kompyuta za Windows, maana ndizo zilizojaa maofisini, mashuleni na kwenye saiba zetu. Ninaposema kipanya, wewe unayesema mausi tunasema kitu kimoja.

Kwanza jua anayeumwa ni nani

Mshale ukisimama, huenda kipanya kimekufa, au huenda kompyuta yenyewe imeganda. Kwa macho yote mawili yanafanana. Kubadilisha kipanya hakuisaidii kompyuta iliyoganda, na kuizima kompyuta iliyo nzima ni hasara tupu.

Kipimo chake ni rahisi. Bonyeza Caps Lock, utazame kitaa chake kwenye kibodi. Kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta inasikia na inajibu, na ubovu uko kwa kipanya, waya wake au tundu lake. Tazama pia saa iliyo pembeni mwa skrini, chini kulia: dakika zikisonga, mashine iko hai. Kama kitaa kimegoma na saa imesimama, subiri dakika kadhaa kabla hujaamua lolote. Kompyuta kongwe yenye kumbukumbu ndogo mara nyingi hujikwamua yenyewe ikimaliza mzigo ilioubeba. Na kama kibodi na kipanya vimenyamaza kwa pamoja huku saa inasonga, mshuku mmoja: ile habu ya USB, yaani kigawanyio cha matundu, ambayo vyote viwili vimechomekwa.

Sasa kigeuze kipanya chali. Vingi vina taa nyekundu tumboni. Ikiwa inawaka lakini mshale hausogei, angalia meza kabla ya kulaumu kipanya. Kile kijicho cha chini ni kamera ndogo inayopiga picha za meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde na kulinganisha picha moja na inayofuata ili kujua umesogea wapi. Meza ya kioo safi haina alama za kulinganisha, kwa hiyo mshale hurukaruka au hukaa tu. Weka karatasi ya kawaida chini yake ujaribu tena. Nimewahi kuletewa vipanya vizima kabisa vilivyohukumiwa kifo kwa kosa la meza. Wakati mwingine ni unywele tu ulioingia kwenye kitundu cha lenzi, upulize utoke.

Taa ikiwa imezima kabisa, umeme haufiki. Lakini vipo vipanya vinavyotumia mwanga usioonekana kwa macho, basi taa isikufanye ukate shauri peke yake.

Linda kazi kabla ya kugusa waya wowote

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kibodi bado inafanya kazi, na kibodi peke yake inatosha kuokoa karibu kila kitu.

Kwenye Word au Excel, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja. Faili ambayo haijawahi kupewa jina itakuuliza jina. Andika, kisha Enter. Word ina kawaida ya kujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, lakini kwa mtu anayechapa kwa kasi dakika 10 ni ukurasa mzima, kwa hiyo usiitegemee.

Fomu ya kwenye mtandao ni habari nyingine. Hapo Ctrl na S haikusaidii: itahifadhi ukurasa kwenye diski, lakini wenye tovuti hawatapokea herufi hata moja ya ulichojaza. Unachotakiwa ni kukifikia kitufe cha kuhifadhi kilicho ndani ya fomu yenyewe. Bonyeza Tab, na kwa kila Tab utaona kijimstari au kivuli kikihama kutoka sehemu moja ya fomu hadi nyingine. Ukipitiliza, rudi nyuma kwa Shift na Tab. Kisanduku cha kuwekea alama hubonyezwa kwa upau wa nafasi, na orodha za kuchagulia, kama za kaunti au mwaka wa kuzaliwa, hufunguliwa kwa kushikilia Alt na kubonyeza mshale wa chini, kisha unateremka hadi unapotaka. Ukifika kwenye kitufe cha kuhifadhi, bonyeza Enter.

Kuna vitufe viwili vya kuviogopa. F5 huupakia ukurasa upya, na fomu nyingi hurudi tupu. Enter nayo, ukiibonyeza ukiwa ndani ya kisanduku cha kuandikia, kwenye fomu nyingine huituma fomu nzima kabla haijakamilika. Kwa hiyo Tab, Tab, Tab, na Enter pale tu unapoona umesimama juu ya kitufe unachokitaka.

Kama kuna maelezo marefu uliyoyaandika kwenye kisanduku kimoja, barua ya maombi kwa mfano, ingia humo, bonyeza Ctrl na A, halafu Ctrl na C. Bonyeza kitufe cha Windows, andika notepad, Enter, bandika kwa Ctrl na V, hifadhi. Rudi kwenye fomu kwa Alt na Tab. Hata tovuti ikikutoa, maneno yako unayo.

Na tovuti hutoa watu kweli. Nyingi za serikali na za benki humfungia mtu mlango akikaa muda bila kufanya lolote. Ndiyo maana sipendi kumwacha mteja akitazama skrini huku mimi natafuta kipanya dukani kwa jirani. Namwambia aendelee na Tab, ajaze anachoweza.

Kipanya cha dharura kilicho ndani ya kibodi

Watu wachache wanajua kwamba Windows inaweza kugeuza vitufe vya namba, vile vya upande wa kulia wa kibodi, vikawa kipanya. Shikilia Alt ya kushoto na Shift ya kushoto kwa pamoja, kisha bonyeza Num Lock. Litatokea dirisha dogo linalouliza kama unataka Mouse Keys. Jibu kwa Enter.

Sasa 8 inapandisha mshale, 2 inaushusha, 4 inaupeleka kushoto, 6 kulia. Namba za pembeni, 7, 9, 1 na 3, zinaupeleka mshazari. Kubofya ni 5. Kubofya mara mbili ni alama ya kujumlisha. Ukitaka kubofya kwa kitufe cha kulia, bonyeza kwanza alama ya kutoa halafu 5, na kurudi kwenye kitufe cha kushoto bonyeza ile alama ya mkwaju (/). Kitaa cha Num Lock kiwe kinawaka. Kikizima, namba hazisogezi kitu. Mwendo wake ni wa kobe, lakini unafika. Kuna siku nilimsaidia mzee mmoja kumaliza ombi lake lote la pasipoti kwa njia hii, tukibonyeza pamoja taratibu, kwa kuwa vipanya vyote vilikuwa mikononi mwa watu.

Ukishapata kipanya kipya, rudia vitufe vilevile vitatu ili kuzima.

Tazama umbo la plagi

Fuata waya wa kipanya hadi unapoingia kwenye kasha la kompyuta, lile ambalo wengi tunaliita sipiyu. Plagi bapa ya mstatili ni USB, na huna la kuhofia. Plagi ya duara yenye vipini vyembamba ndani, mara nyingi ya rangi ya kijani kibichi, ni ya zamani, inaitwa PS/2. Hiyo usiichomoe. Ruka uende kwenye sehemu yake huko chini.

Plagi ya USB

USB ilitoka mwaka 1996, na tangu mwanzo ilibuniwa ichomekwe na kuchomolewa kompyuta ikiwa inafanya kazi. Ukitaka kuuona ushahidi, chukua plagi ya USB uitazame ndani kwa karibu. Kuna vibamba vinne vya shaba juu ya ulimi wa plastiki. Viwili vya pembeni ni vya umeme, na vinakuja mbele kidogo kuliko viwili vya katikati vinavyobeba taarifa, tofauti ya kama milimita 1. Unapochomeka, umeme hutangulia kushika, taarifa hufuata. Unapochomoa, taarifa hukatika kwanza na umeme baadaye. Milimita hiyo moja ndiyo inayokuruhusu kubadilisha kipanya katikati ya kazi bila kuumiza chochote.

Wengi hudhani lazima cha zamani kitoke ndipo kipya kiingie. Fanya kinyume chake: chomeka kipya huku kibovu kikiwa bado kimechomekwa. Windows haina shida na vipanya viwili kwa mara moja, vyote viwili husukuma mshale uleule. Faida yake ni kwamba unajaribu kipya kabla hujachomoa kitu chochote.

Matundu ya mbele ya sipiyu ndiyo rahisi kuyafikia, lakini kwenye saiba ndiyo yaliyochoka zaidi, yameingiziwa fleshi za watu miaka nenda miaka rudi. Kwa jaribio la haraka yanafaa. Kwa kukaa, afadhali ya nyuma.

Plagi isipoingia usiisukume kwa nguvu, igeuze. Ikishaingia, subiri. Mara ya kwanza kwa kipanya kipya kwenye tundu fulani, Windows huchukua sekunde kadhaa kujitambulisha nacho, na kama spika zimewashwa utasikia mlio wake. Huhitaji sidii wala kupakua programu yoyote. Vipanya vya kawaida vyote huzungumza lugha moja ambayo Windows imeijua tangu zamani. Sogeza, bofya mahali patupu, zungusha gurudumu. Kikikubali, mteja aendelee na kazi yake.

Kukitoa kibovu kunahitaji utulivu kuliko kukiweka kipya. Nyuma ya sipiyu nyaya zote ni nyeusi na zimesongamana: kibodi, printa, kipanya, pengine na fleshi ya mtu iliyofunguliwa nyaraka. Usichomoe kwa kukisia. Shika waya kwenye shingo ya kipanya kibovu, uupitishe kati ya vidole viwili taratibu, inchi kwa inchi, bila kuuachia, mpaka ufike kwenye plagi. Ukichomoa kibodi kwa bahati mbaya hakuna kilichoharibika, unairudisha. Ukichomoa fleshi wakati nyaraka inaandikwa ndani yake, unaweza kuiharibu nyaraka yenyewe, na msamaha wa hapo ni mgumu kuuomba.

Na usiivute sipiyu kuitoa ukutani ili uone vizuri. Waya mkuu wa stima huingia nyuma palepale, na kwenye mashine nyingi kuukuu umelegea. Mtikisiko mmoja tu, skrini giza, na yote tuliyojaribu kuyalinda yamekwenda. Tumia tochi ya simu. Kama ni lazima kuigeuza, mwenzako aushike waya wa stima kwa mkono wakati wewe unageuza.

Kipya nacho kikigoma

Hamisha tundu kwanza. Mara nyingi kilichokufa ni tundu, na kipanya cha zamani ulichotaka kukitupa ni kizima. Sisi watu wa pwani tunaishi na chumvi ya bahari hewani, na shaba ya matundu yasiyotumika huota ukungu wa kijani. Ukimulika ndani ukauona, achana na tundu hilo hadi jioni, kompyuta ikiwa imezimwa, ndipo ulisafishe kwa brashi laini na spiriti.

Chomeka moja kwa moja kwenye sipiyu, pasiwe na habu katikati. Bado? Bonyeza Windows na X kwa pamoja, uachie, kisha M. Litafunguka dirisha la Device Manager. Bonyeza Alt na A, menyu itashuka, teremka kwa mshale hadi kwenye maneno Scan for hardware changes, halafu Enter. Hapo unaiambia Windows iangalie upya kila kilichochomekwa, kazi ileile ambayo ingeifanya kama ungezima na kuwasha.

Ujumbe ukitokea kwamba kuna umeme umezidi kwenye tundu la USB, toa hicho kipanya mara moja na usikijaribu kwingine. Waya wake umegusana ndani. Ujumbe wa kwamba kifaa hakitambuliki ni mwepesi zaidi, na mara nyingi huisha kwa kubadilisha tundu.

Vipanya visivyo na waya

Betri kwanza. Ibadilishe, halafu angalia swichi ndogo iliyo tumboni, kwa sababu husogea yenyewe kikiwa mfukoni au kwenye mkoba.

Kile kidude kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye USB ni kipokezi, na kwa vipanya vingi vya bei nafuu kipokezi kimeoanishwa kiwandani na kipanya chake kimoja tu. Ukileta kipanya kingine, leta na kipokezi chake. Usikichomeke kipokezi jirani na tundu la buluu lenye diski ya nje inayofanya kazi. Matundu hayo ya buluu, USB 3.0, hutoa kelele ya redio kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo mawimbi ya kipanya, na mshale huanza kusuasua. Watu hununua kipanya cha pili na cha tatu, kumbe dawa ni kuhamishia kipokezi upande mwingine.

Kwa cha Bluetooth, bonyeza kitufe cha Windows, andika bluetooth, Enter. Nenda kwa Tab hadi kwenye kitufe cha kuongeza kifaa. Shikilia kitufe cha kuoanisha kilicho chini ya kipanya hadi taa imwekemweke kwa haraka, kisha ukichague kwenye orodha. Usikifute cha zamani hadi kipya kiwe kinasogeza mshale.

Plagi ya duara

Hapa ndipo penye ile hali moja niliyoitaja. Plagi hii ilikuja na kompyuta za IBM za mwaka 1987, na ingawa ni ya zamani hivyo, kompyuta za mezani za Ex-UK, yaani mitumba ya kutoka Uingereza, tunazonunua hapa mjini nyingi bado zina matundu yake nyuma, la kijani la kipanya na la zambarau la kibodi, au moja lenye nusu ya kila rangi. Vipini vyake vyote vina urefu mmoja. Hakuna ile milimita ya kutangulia. Unapochomeka kompyuta ikiwa inafanya kazi, kipini cha taarifa kinaweza kugusa kabla ya kile cha ardhi, na umeme ukatafuta njia mahali pasipo pake.

Niliwahi kulifanya kosa hilo. Nilichomoa kipanya cha duara, nikachomeka kingine, kompyuta inafanya kazi. Tundu la kipanya na la kibodi yalikufa pamoja papo hapo. Fundi alipofungua alinionyesha fyuzi ndogo kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, iliyokuwa ikilisha matundu yote mawili, imekatika. Kompyuta nyingine zina kinga, ungeweza kufanya hivyo mara kumi usione kitu. Lakini kwa kuitazama nyuma tu huwezi kujua ipi ina kinga na ipi haina.

Na hata umeme usipoleta madhara, kuna hatari ya pili ambayo kwa mwenye fomu ni mbaya zaidi. Kipanya chenye gurudumu hutuma taarifa zake kwa mafungu ya baiti 4. Kikichomolewa na kurudishwa, huamka kama kipanya cha kale kisicho na gurudumu na kuanza kutuma mafungu ya baiti 3. Kompyuta ikiwa bado inahesabu nne nne, hesabu inavurugika: mshale unarukia pembe za skrini na kubofya wenyewe popote ulipo, menyu zinafunguka na kufunga. Mshale wa namna hiyo ukipita juu ya kitufe cha kutuma au cha kufuta, umeshakifanya ambacho hukukikusudia.

Basi fanya hivi. Kiache kipanya cha duara kilivyo, kikiwa kimechomekwa, kisogeze tu pembeni ya meza. Chomeka cha USB. Kompyuta hizo za Ex-UK zina matundu ya USB pia, na Windows itakipokea kama kawaida. Cha duara utakitoa usiku ukishafunga na kuzima.

Kama USB zote zimekufa na huna ila tundu la duara, bado huhitaji kupoteza kazi. Ilaze kompyuta usingizi mzito. Hifadhi unachoweza, kisha bonyeza Windows na R, andika shutdown /h, Enter. Windows itaandika kila kilichofunguliwa kwenye diski, kisha itazima. Feni zikinyamaza, zima swichi ya ukutani, kwani hata kompyuta ikiwa imezima umeme kidogo hubaki ndani ya matundu hayo. Ngoja kama nusu dakika. Badilisha kipanya, ukiangalia vipini vielekeane na matundu yake, visipinde. Washa ukutani, washa kompyuta. Madirisha yatarudi kama yalivyokuwa, nyaraka na kurasa. Tovuti inaweza kuwa imekutoa kwa kukaa muda mrefu, na ndiyo maana nilisisitiza yale maneno marefu yawekwe Notepad.

Amri hiyo ikikataa, usingizi mzito umefungwa. Bonyeza Windows na X kisha A, kubali kwa Alt na Y, andika powercfg /h on, Enter, halafu rudia.

Wenye kutumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, mshale ukichanganyikiwa baada ya kipanya cha duara kuchezewa, fungueni terminali kwa Ctrl, Alt na T, muandike sudo modprobe -r psmouse, Enter, kisha sudo modprobe psmouse, Enter. Hesabu itaanza upya. Umeme ni suala jingine. Amri hizi hazikingi fyuzi.

Vile viunganishi vidogo vya kijani vinavyogeuza plagi ya USB kuwa ya duara, havifai kwa kila kipanya. Ndani yake hamna kitu ila nyaya. Vinafanya kazi tu kwa kipanya kilichotengenezwa kujua lugha zote mbili, na vipanya vingi vya siku hizi havijui.

Baada ya hapo

Kasi ya mshale na mpangilio wa mkono wa kushoto haviondoki na kipanya. Vimehifadhiwa ndani ya Windows, kwa hiyo mwenye kutumia mkono wa kushoto atakuta vitufe vyake kama alivyoviacha. Kikionekana chepesi au kizito kuliko cha zamani, ni tofauti ya kijicho chake, mkono huzoea.

Kile kibovu usikirudishe kwenye droo ya vya akiba. Mimi hukifunga mkanda mweupe wa karatasi kwenye waya karibu na plagi, nikaandika tarehe na ugonjwa wake: waya umekatika shingoni, au kinabofya mara mbili chenyewe. Cha kwanza kinaungwa kwa risasi, cha pili kinabadilishwa swichi. Vya akiba vizima, viwili vya USB, ninavitundika kwenye msumari kando ya meza yangu, nyaya zimekunjwa, ili mtu akiniita kutoka kompyuta ya nne nisianze kutafuta.